Wepesi wa Tairi katika Nyanda za Juu za Buha

Katika nyanda za juu za Buha, yaani ukanda wa vilima unaoanzia Kakonko na Kibondo upande wa kaskazini na kuendelea kusini kupitia Kasulu na Buhigwe, jirani na mpaka wa Burundi, baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha michezo. Swali la tairi lipi hubingirika kwa urahisi zaidi, ambalo katika nchi tajiri huulizwa na washindani wanaotafuta dakika chache katika mbio za siku nzima, katika vilima hivi ni swali la nguvu za mtu anayepandisha madumu ya mawese kutoka ukanda wa Ziwa Tanganyika, au anayeshusha magunia ya maharage na mihogo mikavu kuelekea mnadani. Kanuni zinazotawala tairi la bingwa wa dunia na zile zinazotawala tairi la mchukuzi huyu ni zilezile, na zikifuatwa kwa makini zinafikisha kwenye jambo ambalo watengenezaji na wauzaji wa matairi hawajalitilia maanani: mtu anayebeba mzigo mzito ndiye mwenye faida kubwa zaidi ya kupata kutokana na tairi linalobingirika vizuri, naye ndiye anayeuziwa tairi lisilobingirika vizuri kuliko yote.

Mashindano yaliyozaa elimu hii ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni mbio za baiskeli za milimani katika njia za mzunguko zenye mawe, mizizi, kona na miinuko mikali, ambazo ziliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996, na ambazo Adrien Niyonshuti wa Rwanda, nchi isiyo mbali na Kibondo, alishiriki katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Aina ya pili ni mbio ndefu za barabara za changarawe, ambazo zilikua kwa kasi baada ya mwaka 2006, wakati mashindano yanayoitwa leo Unbound yalipoanzishwa katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas nchini Marekani, kwa mwendo wa maili 200, sawa na kilomita 322 hivi. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma, kwa kuwa mwaka 2021 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya, yakiwakutanisha waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda na wenzao wa Ulaya na Marekani. Mwendeshaji Sule Kangangi wa Kenya alifariki dunia Agosti 2022 akiwa mashindanoni huko Vermont, Marekani, baada ya kufanya kazi kubwa ya kuwafungulia vijana wa ukanda huu njia ya kushindana katika barabara za vumbi, ambazo wengi wao wamezizoea tangu utotoni.

Ili kuelewa kinacholifanya tairi liwe jepesi kubingirika, inafaa kuanza na kile kinachotokea mahali ambapo tairi linagusa ardhi. Gurudumu lenye mzigo haligusi ardhi kwa nukta moja, bali kwa eneo dogo lililobonyea, na ukubwa wa eneo hilo hutegemea zaidi uzito uliopo juu yake na msongo wa upepo uliomo ndani. Gurudumu la nyuma lililobeba kilo 110 likiwa na upepo wa paundi 60 kwa inchi ya mraba hugusa ardhi kwa takriban sentimita za mraba 26, na upepo huohuo ukipunguzwa hadi paundi 30, eneo hilo hukaribia sentimita za mraba 52. Kila sehemu ya tairi inayofika chini hukunjwa, hubonyezwa, kisha huachiliwa irudi katika umbo lake, na mpira haurudishi nishati yote uliyopewa wakati wa kubonyezwa, bali hubakiza sehemu yake ndani na kuigeuza kuwa joto. Nishati hiyo iliyobaki ndani ya mpira ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ukinzani wa kubingirika, yaani kani inayolirudisha gurudumu nyuma hata pale ambapo barabara ni tambarare, breki zimeachiwa na hakuna upepo wa mbele.

Kutokana na hali hiyo, tairi la mbio halipatikani kwa kulikausha na kulifanya gumu, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali kwa kulifanya lijikunje bila kinyongo. Kuta zake husukwa kwa nyuzi nyembamba zilizosongamana, huku viwanda vikitaja nyuzi 60 au 120 kwa kila inchi, tofauti na matairi ya bei nafuu ambayo nyuzi zake ni nene na chache na hufunikwa kwa tabaka zito la mpira. Mpira wenyewe huchanganywa na silika, ambayo ni madini ya jamii ya mchanga yaliyosagwa laini sana, badala ya kutegemea masizi peke yake, kwa sababu mchanganyiko wa silika hupoteza nishati kidogo zaidi kila unapobonyezwa. Kashata za tairi, yaani yale meno ya mpira yanayoshika ardhi, hufanywa fupi na kupangwa karibu karibu katikati, kwa kuwa kashata ndefu hupinda kila zinapogusa chini na kila kupinda kuna gharama yake, ilhali pembeni huachwa kashata kubwa kidogo kwa ajili ya kona. Matairi yanayotajwa sana katika fani hii, kama Race King la kampuni ya Continental ya Ujerumani, Thunder Burt la Schwalbe na Aspen la Maxxis, yote yamefuata njia hiyo kwa viwango tofauti.

Ukinzani huu una sifa moja inayouleta moja kwa moja katika vilima vya Kasulu. Wataalamu huueleza kwa namba ndogo inayozidishwa kwa uzito wote wa baiskeli, mwendeshaji na mzigo, na namba hiyo inaweza kusomwa kama mwinamo wa mlima: tairi na barabara vyenye kipimo cha 0.02 kwa pamoja humtoza mwendeshaji kani ileile ambayo angeitumia kupanda mlima wa asilimia 2, ila mlima huo haufiki kileleni na hauna mteremko wa kumlipa upande wa pili. Ikichukuliwa baiskeli yenye madumu manne ya lita 20 ya mawese, ambayo mafuta yake peke yake yana takriban kilo 73, kisha ikaongezwa baiskeli yenyewe na mtu anayeiendesha, uzito wote utakuwa kama kilo 160. Katika uzito huo, kipimo cha 0.02 ni kani ya nyutoni 31, na kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa katika barabara tambarare, kani hiyo huhitaji takriban wati 105, ambazo zinafika au hata kupita kiwango ambacho mtu mwenye afya nzuri anaweza kukidumisha kwa saa kadhaa mfululizo. Kipimo kikishuka hadi 0.012, tofauti ambayo si ya ndoto pale tairi gumu la kuta nene linapopishana na tairi laini lililojazwa upepo unaostahili, hitaji hilo hushuka hadi wati 63.

Tofauti ya wati 42 ina uzito wake katika maisha ya mtu. Katika safari ya kilomita 60 inafikia jouli laki saba na nusu za kazi halisi, na kwa kuwa mwili wa binadamu hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi ya misuli, mchukuzi hulazimika kula kiasi cha gramu 200 za unga wa muhogo ili kulilisha tairi lake tu, mbali na chakula anachohitaji kwa ajili ya milima, kwa ajili ya kuishi na kwa ajili ya kazi nyingine zinazomsubiri nyumbani. Mshindani wa mbio aliye na uzito wa kilo 80 pamoja na baiskeli yake angeokoa nusu ya kiasi hicho kwa mwendo uleule, kwa sababu ukinzani wa kubingirika hukua sambamba na mzigo. Inashangaza, na kwa kweli inasikitisha, kwamba sehemu kubwa ya utafiti imeelekezwa kwa huyu wa pili.

Wepesi wa tairi kwenye mizani ni jambo tofauti na wepesi wake wa kubingirika, ingawa katika matangazo ya biashara mambo haya mawili husemwa kwa pumzi moja. Tairi la mbio za milimani la magurudumu makubwa lina takriban gramu 600, na juhudi nyingi hutumika kupunguza gramu 50 hapa na gramu 30 pale. Juhudi hizo zina maana katika mbio za mzunguko, ambamo mwendeshaji hupunguza mwendo kwenye kila kona na kuuongeza tena mara mia kadhaa, kwa kuwa uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu huhesabika karibu mara mbili wakati wa kuongeza mwendo. Kwa baiskeli ya mzigo, hata hivyo, hesabu ni nyingine kabisa. Matairi mawili yakipunguzwa kwa jumla gramu 800, mchukuzi anayepandisha kilo 160 kwa kimo cha mita 500, kimo kisicho cha ajabu kwa anayetoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ambao uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kuja juu katika nchi ya Kasulu, ataokoa jouli elfu nne tu kati ya karibu laki nane anazotakiwa kuzitoa. Gramu zenyewe hazina la kumsaidia, na akipewa tairi jembamba lililopunguzwa uzito kwa kuondolewa kinga, atakuwa ameuziwa pancha kwa bei ya dhahabu.

Barabara nayo ina sehemu yake katika jambo hili, na pengine ni hapa ambapo elimu ya miaka ya karibuni imebadilika zaidi. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kadiri upepo unavyoongezwa ndivyo tairi linavyokwenda kasi, na imani hiyo inaonekana kuwa na ushahidi pale ambapo tairi hupimwa kwenye pipa la chuma linalozunguka, lenye uso laini. Katika barabara ya changarawe mambo hugeuka, kwa sababu tairi lililojazwa kupita kiasi haliwezi kulimeza jiwe dogo, hivyo huliruka, na kila linaporuka huinua baiskeli, mzigo na mwili wa mwendeshaji pamoja, na nishati iliyotumika kuinua vitu hivyo hupotea katika mtikisiko wa misuli, katika madumu yanayochezacheza na katika vyuma vya keria vinavyolia. Tairi pana lenye upepo wa wastani hulizunguka jiwe lilelile na kuendelea mbele, na ndiyo maana washindani wa barabara za changarawe, ambao miaka kumi na mitano iliyopita walitumia matairi ya milimita 35 au chini ya hapo, sasa wengi wamehamia milimita 45 na 50, na baadhi yao huvaa matairi ya mbio za milimani yenye inchi 2.2, ambazo ni kama milimita 56.

Udongo mwekundu wa Kibondo na Kasulu una tabia mbili zinazopingana ndani ya mwaka mmoja. Katika kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, barabara ambazo hazijatiwa lami hukauka na kuwa ngumu kama saruji, kisha magari huzitengenezea mawimbi madogo ya kupita kwa upana, yanayomtikisa kila apitaye. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walionyesha kwa majaribio ya gurudumu linalozungushwa juu ya mchanga kwamba mawimbi hayo hujitokeza yenyewe mara tu mwendo wa gurudumu unapovuka kiwango fulani, hata pasipo springi wala injini. Kwa hiyo baiskeli, ambayo kwa kawaida haina mwendo wa kutosha kuyatengeneza, hulipa gharama ya mawimbi yaliyotengenezwa na wengine. Masika yanapoingia, udongo huohuo hulowa na kunata, hujaza nafasi baina ya kashata, hukwama kati ya tairi na matagadi, na kulifanya gurudumu lililokuwa likizunguka vizuri asubuhi lisizunguke kabisa mchana, na wakati huo hakuna tairi la mbio duniani linaloweza kumwokoa mtu asishuke na kusukuma. Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yameletwa na barabara kuu ya lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa takriban kilomita 260 na iliyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mahali lami ilipofika, tairi la kashata ndefu linakuwa mzigo juu ya mzigo, wakati barabara za kuingia vijijini, ambako mazao yanatoka, zimebaki kuwa za udongo, na mchukuzi hupita zote mbili katika safari moja kwa tairi moja.

Fundi wa baiskeli anayekaa chini ya mwembe kando ya soko hupima upepo kwa kidole gumba. Hubonyeza ubavu wa tairi, si juu ya kashata, kwa kuwa ubavuni ndipo mpira unaposema kweli, kisha humwangalia mteja na mzigo wake, akaongeza mapigo machache ya pampu nyuma na kuacha mbele palegee kidogo. Namna hiyo ya kupima haikosolewi na elimu ya maabara, kwa sababu gurudumu la nyuma la baiskeli ya mzigo hubeba zaidi ya theluthi mbili ya uzito wote, na la mbele halihitaji ugumu uleule. Fundi huyohuyo huvua mpira wa ndani, huuzamisha katika beseni la maji akiusogeza polepole hadi viputo vitokee, huweka alama kwa kijiti, husugua mahali hapo kwa msasa, hupaka solusheni na kuisubiri ikauke kiasi kabla ya kubandika kiraka kilichokatwa kutoka katika mpira uliokufa. Tairi lililopasuka ubavuni halitupwi, bali hushonwa kwa sindano na uzi mgumu, au huwekewa ndani kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kingo zake, na kwa njia hiyo gurudumu hupata maisha mengine ya miezi kadhaa. Kila tabaka linaloongezwa, hata hivyo, ni mpira zaidi unaokunjwa na kupata joto katika kila mzunguko, na hivyo ufundi unaookoa fedha ya mchukuzi hula nguvu zake kidogo kidogo. Anayelaumu ufundi huo hajawahi kuona tairi jipya likinunuliwa kwa mazao ya wiki nzima.

Thamani ya upepo ndani ya mpira huonekana wazi zaidi ng'ambo ya ziwa na kaskazini yake. Katika mji wa Goma na vilima vya Kivu, mashariki mwa Kongo, mizigo husafirishwa kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, ambacho magurudumu yake ya mti huvishwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwenye matairi ya magari. Chukudu hakipati pancha, hubeba mamia ya kilo, na mwendeshaji wake hukipenda kwa haki, lakini mahali palipo tambarare husukumwa na kilimani hukokotwa na watu kadhaa, kwa kuwa mpira usio na upepo ndani yake unakinga mti usilike tu, wala haumezi jiwe wala haurudishi chochote ulichopewa. Mwanzoni baiskeli zote duniani zilikuwa karibu na hali hiyo. Mskoti Robert William Thomson alisajili wazo la tairi la upepo mwaka 1845 na likasahaulika, hadi John Boyd Dunlop alipolifufua huko Belfast mwaka 1888, na tangu hapo mahitaji ya mpira yakalipuka kwa namna iliyowaangamiza watu wengi upande wa magharibi wa ziwa, ambako utawala wa Mfalme Leopold wa Pili katika Dola Huru ya Kongo, kati ya mwaka 1885 na 1908, uliwalazimisha wanavijiji kukusanya utomvu porini kwa vitisho, mateso na mauaji. Wepesi wa mwendo wa mjini Paris na London ulilipiwa na watu hao, na hakuna maandishi ya haki kuhusu tairi yanayoweza kupita juu ya jambo hilo kimyakimya.

Upande wa Tanganyika, Wajerumani walipanda aina nyingine ya mti wa mpira, Manihot glaziovii, ambao ni ndugu wa karibu wa muhogo. Biashara hiyo ilistawi kwa miaka michache na kuporomoka mwaka 1913, mpira wa mashamba ya Asia ulipolifurika soko la dunia. Miti iliyobaki ilipata kazi nyingine, kwa maana watafiti wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara, kuanzia miaka ya 1930, waliuzalisha mti huo pamoja na muhogo ili kupata mbegu zinazostahimili ugonjwa wa batobato, na sehemu ya ukinzani wa aina nyingi za kisasa za muhogo katika Afrika imetokana na ndoa hiyo. Kwa hiyo gunia la mihogo mikavu lililofungwa kwa kamba za mpira kwenye keria, likipita Kasulu, linaweza kuwa limebeba damu ya mti uliopandwa zamani kwa ajili ya matairi.

Jambo ambalo halijaangaliwa vya kutosha ni kwamba umbo la baiskeli ya kazi iliyoenea katika nyanda hizi, ile ya gurudumu kubwa, fremu ndefu na keria ya chuma, lilikuwa limeshafika mapema mahali ambapo watengenezaji wa baiskeli za changarawe wamefika majuzi. Tairi lake, linaloandikwa ubavuni 28 × 1½, lina upana wa takriban milimita 40 na huvaa rimu yenye kipenyo cha milimita 635, ambayo ni kubwa kuliko ile ya milimita 622 inayotumiwa leo na baiskeli za mbio za barabara, za changarawe na za milimani. Gurudumu kubwa huingia shimoni kwa kina kidogo na hupanda jiwe kwa pembe nafuu, na upana wa milimita 40 ndio ule uliotangazwa miaka michache iliyopita kuwa kipimo bora cha barabara za vumbi. Waliobuni chombo hicho kwa ajili ya barabara mbovu za karne iliyopita walikuwa wameelewa jambo. Kilichokosekana ni tairi lenyewe kuendelea kukua kielimu: rimu ya 635 iliachwa na masoko ya matajiri, na pamoja nayo ikaachwa nafasi ya kupata nyuzi nyembamba, silika na kuta zinazojikunja, hivyo tairi la ukubwa huo linaendelea kutengenezwa, kwa sehemu kubwa, kwa namna ambayo babu wa mchukuzi wa leo angeitambua.

Sababu ya unene huo si ubahili wa viwanda pekee. Baiskeli ya mbio haibebi kilo 110 juu ya gurudumu moja, haiachwi juani kutwa nzima sokoni, na mwenye nayo hubadilisha tairi baada ya msimu mmoja. Kuta nyembamba zikigongwa na ukingo wa rimu juu ya jiwe chini ya gunia la maharage zitakatika siku ya kwanza, na mfumo wa kisasa usio na mpira wa ndani, ambamo maji ya utomvu huziba tundu la mwiba kutoka ndani, huhitaji rimu zilizofinyangwa kwa usahihi, pampu ya kutoa upepo mwingi kwa mkupuo na utomvu unaoongezwa kila baada ya miezi michache, vitu ambavyo havipatikani katika duka la kawaida la vipuri Kibondo. Hata hivyo kati ya tairi la mbio la gramu 600 na tairi zito lililokufa kuna nafasi pana ambayo haijajazwa. Tairi la milimita 45 au 50, lenye ubavu imara wa nyuzi za wastani, mkanda wa kinga chini ya kashata, kashata fupi za katikati na mpira wenye silika, lingestahimili mzigo kwa upepo wa chini kuliko ule unaotumika sasa, kwa kuwa upana huleta ujazo na ujazo hubeba uzito. Elimu ya kulitengeneza ipo, na viwanda vya Asia vinavyotengeneza matairi ya mzigo vina uwezo wa kulitoa, lakini halina mnunuzi anayesikika.

Tanzania yenyewe iliwahi kuwa karibu na uwezo huo kuliko inavyokumbukwa. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilitengeneza matairi ya magari kwa miongo kadhaa kikiwa mali ya Serikali kwa ubia, ambao baadaye ulikuwa na Continental, kampuni ileile inayotengeneza Race King, na kilihusishwa na mashamba ya mpira ya Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga katika bonde la Kilombero, hadi uzalishaji uliposimama mwaka 2009. Tairi la baiskeli halikuwa shughuli yake, na mazungumzo ya kukifufua yamekuwa ya magari na malori. Ni haki kuuliza kwa nini katika mipango ya viwanda baiskeli huonekana kama kitu kinachosubiri kutoweka, ilhali bodaboda iliyoipokonya abiria haijaipokonya mizigo ya mkulima asiye na fedha ya petroli, na ilhali kila mita ya lami mpya huifanya baiskeli iwe na manufaa zaidi. Mpango wa kuipima upya baiskeli hauhitaji fedha nyingi, kwa sababu chuo chochote cha ufundi chenye pipa la chuma, mota na mizani kinaweza kupima ukinzani wa matairi yanayouzwa nchini yakiwa yamebebeshwa kilo 110, tofauti na vipimo vinavyochapishwa Ulaya, ambavyo huwekewa uzito wa mtu mmoja aliyegawanywa juu ya magurudumu mawili.

Wakati hilo likisubiriwa, njia moja iko wazi tayari, nayo imefunguliwa na mitumba. Baiskeli za gia zilizotumika, zinazoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani na Ulaya na kusambaa hadi mikoani, nyingi zina magurudumu ya inchi 26, yaani rimu ya milimita 559, kipimo kilichotawala mbio za milimani kabla ya gurudumu la inchi 29 kukisukuma pembeni. Matairi mazuri ya kipimo hicho bado yanatengenezwa, Race King likiwa mojawapo, na mengine hufika yakiwa yamevaliwa na baiskeli zenyewe, yakiwa na kashata fupi na ubavu laini, kisha huvuliwa na kubadilishwa kwa tairi nene la kashata ndefu kwa sababu linaonekana jembamba na dhaifu. Tairi la namna hiyo likihamishiwa gurudumu la mbele, ambako mzigo ni mdogo na miiba huonekana mapema, na lile nene likaachwa nyuma pamoja na gunia, mchukuzi atakuwa amepata sehemu ya wepesi ambao washindani huununua kwa bei kubwa, bila kutoa hata shilingi moja zaidi ya ile aliyomlipa fundi kwa kazi ya kuvua na kuvisha.